FUNDO MOJA TU, TIGER WA KILOMBERO HUYOO KASEPA!

MOSCOW, usiku wa Mei 21, 2008. Mvua inapiga Uwanja wa Luzhniki. John Terry anatenga mpira kwenye nukta ya penalti. Akifunga hii tu, Chelsea ni bingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yake. Anakimbia, anapiga. Kipa Edwin van der Sar karuka upande mwingine kabisa, lango liko tupu. Lakini mguu wa kushoto wa nahodha umeteleza kwenye nyasi zilizolowa, mpira unagonga nguzo na kwenda zake nje. Manchester United wakabeba kombe kwa penalti 6-5.

Terry hakupoteza uwezo wa kupiga mpira usiku ule. Mazoezi alifanya na ujasiri alikuwa nao. Kilichomwangusha ni pale soli ya kiatu inapokutana na ardhi. Maungio yalikataa, basi.

Sasa toka Moscow, shuka mpaka Bonde la Kilombero, Morogoro. Huko kuna mchezo ambao penalti ya namna ile hupigwa kila siku, na wanaokosa hawahesabiki. Ni uvuvi wa nzi bandia, na mpinzani ni samaki anayeitwa tiger. Humo fimbo inaweza kuwa ya bei mbaya na mkono ukawa wa fundi, ila kama fundo moja kati ya matano limefungwa kihuni, mtu anarudi kambini na stori tu.

MBWA WA MAJI

Kwanza mjue mpinzani. Tiger ana umbo la risasi, mwili wa fedha wenye mistari myeusi, na meno yaliyochongoka ambayo akifunga mdomo ya juu na ya chini yanapishana kama zipu. Jina la kisayansi la jamii yake, Hydrocynus, maana yake ni mbwa wa maji. Mwaka 1986 wataalamu walimtambua rasmi wa aina yake anayeishi kwenye mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi upande wa Tanzania, ukiwamo mfumo wa Rufiji, wakampa jina Hydrocynus tanzaniae. Yaani huyu bwana ana jina la taifa kabisa, kama amevaa jezi ya Taifa Stars.

Ana kaka yake mkubwa huko Kongo, wenyewe wanamuita mbenga. Rekodi ya dunia ya mbenga ni kilo 44, alivuliwa kwenye Mto Kongo eneo la Kinshasa mwaka 1988. Uzito wa mtoto wa shule ya msingi huo, na una meno.

Huku kwetu mito inayotajwa na wavuvi wa nzi bandia kutoka pande zote za dunia ni miwili, Mnyera na Ruhudji. Ruhudji inatokea nyanda za juu za Njombe, na mito hiyo miwili ndiyo inayolisha Mto Kilombero, ambao nao ukikutana na Luwegu ndipo unapozaliwa Rufiji. Maji yanapita chini ya miti mikubwa, kuna magogo yaliyozama, kuna viboko na mamba. Tiger anakaa pembeni ya gogo, kwenye kivuli, anavizia samaki wadogo. Akitoka anatoka kama winga aliyeachiwa upande mzima.

Wageni wanaruka nusu ya dunia kuja kumtafuta, na wengi wakishampata wanampiga picha na kumrudisha majini. Hilo la kumrudisha linaleta jambo zito kuhusu mafundo, tutalifikia.

KWA NINI MAFUNDO NI MENGI

Mvuvi wa Kilwa au wa Ukerewe anayetumia mshipi wa mkono anaweza kushangaa habari hizi. Yeye ana mshipi, ana risasi, ana ndoana. Fundo moja au mawili, kazi inaendelea. Kinachobeba ndoana yake hadi mbali ni uzito wa risasi.

Kwenye uvuvi wa nzi bandia mambo yako kinyume. Nzi mwenyewe ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kumpeleka popote. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi. Mshipi mkuu ni mnene, umevishwa plastiki, na mvuvi anauchapa hewani mbele na nyuma kama mjeledi mpaka unajinyoosha na kumbeba nzi. Sasa huwezi kumfunga nzi moja kwa moja kwenye kitu kinene hivyo, samaki atauona na nzi ataanguka kama tofali. Ndiyo maana mbele yake unaungwa uzi wa nailoni unaoanza mnene na kwenda ukipungua.

Ukipanga kikosi kuanzia nyuma kinakuwa hivi. Kwenye rili kuna mshipi wa akiba, mwembamba na imara, mita 100 na zaidi, unaokaa benchi mpaka siku samaki akikimbia sana. Ukifuata ule wa akiba unakuta mshipi mkuu, mita 27 hadi 30 hivi. Halafu uzi wa mbele. Kwa tiger, mwisho kabisa kuna kipande cha waya cha sentimita 15 hadi 30, kwa sababu meno yale yanakata nailoni kama wembe. Kisha nzi.

Hesabu maungio. Rili na mshipi wa akiba, akiba na mshipi mkuu, mshipi mkuu na uzi wa mbele, uzi na waya, waya na nzi. Matano. Na kama uzi wa mbele umeungwa kwa vipande vya unene tofauti, yanafika saba au nane. Kila moja ni beki anayeweza kuteleza dakika ya 90.

NYUMA KABISA KWA KIPA

Fundo la kwanza, la kufunga mshipi wa akiba kwenye rili, wengi wanalidharau kwa sababu ni rahisi. Unazungusha ncha kwenye kiini cha rili, unaifunga fundo la kawaida kuuzunguka mshipi wenyewe, halafu unapiga fundo jingine dogo mwishoni mwa ncha ili lile la kwanza likivutwa ligote hapo. Dakika moja, umemaliza. Hili ni kama kipa wa akiba, msimu mzima unaweza kupita halijaguswa. Siku likiguswa maana yake samaki kashapita na mita 130 za mshipi na ndilo pekee lililobaki.

Linalofuata ndilo linaloleta ubishi kambini. Mshipi wa akiba ni mwembamba, mshipi mkuu ni mnene. Njia ya zamani ni fundo la msumari. Mvuvi anaweka msumari au kibomba chembamba pembeni ya mshipi mnene, anauzungusha ule mwembamba juu yake mara tano hadi saba, anapitisha ncha ndani ya mizunguko, anatoa msumari polepole, anakaza. Likikaa vizuri linauma plastiki ya mshipi na kubaki laini kiasi cha kupita kwenye pete za fimbo bila kukwama. Udhaifu wake uko hapo hapo, kwamba linashika ganda. Ganda likichanika na kuvuka kutoka kwenye uzi wa ndani, fundo linabaki zima ila limeshika soksi tupu. Mguu haupo.

Siku hizi mishipi mingi inatoka kiwandani ikiwa na kitanzi kidogo kila mwisho, kwa hiyo mtu anaunga kitanzi kwa kitanzi. Rahisi, hata mtoto anaweza. Na ni hapa hapa ambapo watu wanaharibu bila kujua.

Iko hivi. Vitanzi viwili vinaweza kukaa kwa namna mbili. Ya kwanza vinashikana kama mikono miwili inayosalimiana, kila kimoja kimelala vizuri ndani ya mwenzake, umbo lake kama lile fundo la kufungia bendeji ambalo maskauti wanafundishwa. Hiyo ndiyo sahihi, mzigo unagawanyika pande zote. Ya pili, kitanzi kimoja kinajikunja nyuma na kumkaba mwenzake koo. Kwa macho ya haraka yanafanana. Ila ile ya pili, kwenye mvuto mkubwa, uzi mwembamba unausaga mshipi mnene kama msumeno. Dawa ni kuviangalia kabla ya kukaza na kuvivuta taratibu vikae. Sekunde tano tu, lakini mtu mwenye haraka ya kuwahi samaki aliyeruka mbele yake hana hizo sekunde tano.

MATE KWANZA, KUKAZA BAADAYE

Ukikaa na wavuvi wa mchezo huu utaona kitu cha ajabu kidogo. Kabla ya kukaza fundo lolote la nailoni, mtu analiweka mdomoni. Analilowesha mate. Ushirikina haumo hapo. Nailoni ikivutwa kavu, uzi unasuguana na uzi na kupata joto, na joto ni adui mkubwa wa plastiki. Unaweza kuunguza fundo kwa mkono wako mwenyewe, likaonekana zima na nguvu imeshakwenda. Mate au maji yanafanya mizunguko iteleze na kujipanga.

Zamani maji yalikuwa na kazi nyingine. Kabla ya nailoni, uzi wa mbele ulitengenezwa kwa tezi za hariri za mnyoo wa hariri, na jiji la Murcia, Hispania lilikuwa maarufu kwa bidhaa hiyo. Ukiwa mkavu ulikuwa unapasuka, hivyo lazima ulowekwe ndipo ufungike. Mwaka 1935 mkemia Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, Marekani, akatengeneza nailoni, na ilipotangazwa rasmi mwaka 1938 mambo yakabadilika. Uzi mpya ukawa na nguvu na wa bei poa, ila unateleza kuliko ule wa zamani. Wavuvi ikabidi wajifunze upya kuongeza mizunguko.

Hilo neno kuteleza ndilo kiini cha mchezo wote. Mmarekani Lefty Kreh, aliyefariki Machi 2018 akiwa na miaka 93, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha watu mafundo, na mwaka 1972 yeye na Mark Sosin walitoa kitabu kizima kuhusu mafundo ya uvuvi. Somo alilolirudia sana ni kwamba fundo haliachi ghafla, linaanza kwa kuteleza. Lililokazwa mpaka mwisho halina pa kwenda. Lililokazwa nusu, samaki ndiye anayekuja kulimalizia kulikaza, na yeye hana adabu ya kulilowesha mate kwanza.

DAMU, DAKTARI NA WAYA

Kuunga vipande viwili vya uzi wa mbele kuna mafundo mawili yanayotamba. La kwanza linaitwa fundo la damu. Unalaza ncha mbili zikipishana, unasokota moja juu ya mwenzake mara tano, unairudisha katikati. Unafanya hivyo hivyo na ya pili kwa upande wake, ncha yake inapita katikati ikitokea upande wa pili. Mate, kaza, kata mikia. Likitoka vizuri ni zuri kweli, kama pipa dogo lililonyooka. Lakini linataka nyuzi zinazokaribiana unene. Ukiunga mnene sana na mwembamba sana, mwembamba unakubali matokeo.

La pili ni fundo la daktari wa upasuaji. Hili halina urembo. Unalaza nyuzi mbili pamoja, unatengeneza kitanzi kimoja kikubwa, unapitisha ncha zote ndani mara mbili au tatu, unavuta pande zote nne kwa pamoja. Hata giza likiingia na mikono ikitetemeka unalifunga, na halijali sana tofauti za unene. Wapo wanaoliona la kishamba. Ni kama kiungo mkabaji asiyepiga chenga. Hakuna anayenunua jezi yake, ila siku asipokuwepo ndiyo mnafungwa nne.

Kwenye nzi mwenyewe kuna uamuzi wa kimbinu. Kuna fundo linalokaba pete ya ndoana moja kwa moja, na kuna lile linaloacha kitanzi kidogo ili nzi acheze huru ndani ya maji kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Hilo la pili mizunguko yake inapungua kadri uzi unavyonenepa. Uzi mwembamba unaweza kutaka saba, uzi mnene wa samaki wakubwa unatosheka na minne au mitatu. Ukiizidisha kwenye uzi mnene, fundo halikazi mpaka mwisho, na tumeshasema nini kinafuata.

Halafu waya. Waya wa uzi mmoja mgumu haufungwi fundo, unasokotwa. Pande mbili lazima zizungukane zote mbili kwa usawa, umbo la X zikipanda pamoja, halafu unamalizia kwa mizunguko michache ya kubana kama springi. Wengi wanakosea kwa kuuacha upande mmoja umenyooka na mwingine ukiuzunguka, ukivutwa unafunguka wenyewe. Na mkia wa waya haukatwi kwa koleo, unakunjwa na kuzungushwa mpaka ukatike wenyewe pale pale kwenye msokoto. Ukiukata kwa koleo unabaki mwiba, na mwiba ule utamchana mtu kidole wakati wa kumtoa samaki ndoana.

Kwa wanaotaka rekodi, hata urefu kati ya fundo na fundo una refa wake. Shirikisho la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939, linataka kipande cha uzi kinachopimwa nguvu kisipungue sentimita 38 kati ya fundo na fundo, na kile kigumu cha mbele, waya wa tiger ukiwamo, kisizidi sentimita 30 na ushee pamoja na mafundo yake. Ukizidisha hata kidogo, bao limekataliwa. Hakuna kusikilizwa.

SEKUNDE ZENYEWE

Sasa chukua haya yote uyapeleke Mnyera, saa 12 asubuhi, boti inateremka na maji. Nzi anaangukia pembeni ya gogo. Mvuvi anavuta mshipi kwa mkono, mivuto mifupi ya haraka. Tiger anagonga.

Mdomo wa tiger ni mfupa mtupu, ndoana haipati pa kuingia kirahisi. Ukinyanyua fimbo juu kama unavua perege, anaitema. Inatakiwa fimbo ielekee kwake na mkono wa mshipi uvute kwa nguvu, mara mbili, mara tatu. Yaani mvuvi mwenyewe anayapiga maungio yote matano kwa mkupuo mmoja kabla samaki hajaanza fujo zake. Fundo bovu linaweza kufa hapo hapo.

Akishashikwa anaruka. Mwili mzima nje ya maji, kichwa kinatikiswa kushoto na kulia, uzi unalegea na kukaza ghafla. Akirudi majini anatafuta gogo. Hakuna muda wa kumbembeleza, ni kumvuta kwa nguvu zote atoke kwenye miti. Kila kitu kilichofungwa jana usiku chini ya taa ya kichwani kinakaguliwa sasa hivi, na mkaguzi ni mkali.

Ndiyo maana waongozaji makini kwenye mito hii wana tabia inayowakera wageni wasio na subira. Samaki akishatolewa na kuachiwa, wanashika uzi na kupitisha vidole kuanzia nzi kurudi nyuma, taratibu. Wakisikia mkwaruzo, wanakata. Wakikuta kale kafundo kadogo kanakojifunga kenyewe hewani wakati wa kuchapa mshipi, wanakata, maana kanapunguza nguvu ya uzi kwa kiasi kikubwa. Waya ukijikunja kona, unatupwa. Wanafunga upya huku mgeni anatazama tiger wengine wakiruka mita 20 mbele. Inauma, lakini mgeni kaja kwa ndege mbili na gari ya siku nzima, na samaki wa maisha yake anaweza kuwa huyo anayefuata.

Na kuna upande wa samaki. Tiger anayefikishwa kwenye boti anatolewa ndoana, anashikiliwa kwenye maji mpaka apate nguvu, anaondoka. Anayekata uzi anaondoka na nzi mdomoni, na waya unaning'inia. Bonde hili tangu mwaka 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na samaki wakubwa wanachukua miaka kufikia ukubwa huo. Samaki anayewindwa arudishwe mzima halafu akaachwa na chuma kinywani kwa sababu mtu aliona uvivu kulowesha fundo, hiyo ni rafu mbaya. Kadi nyekundu moja kwa moja.

VAR YA MVUVI

Uzuri mmoja wa mchezo huu ni kwamba kosa haliwezi kufichwa. Mpira una marudio ya video, mshipi una mkia wake. Samaki akishapotea mvuvi anarudisha uzi na kuangalia ncha.

Ncha ikiwa imekatika mkato safi karibu na meno, tiger alipita juu ya waya. Hiyo bahati mbaya, hakuna wa kulaumu. Ikiwa imechakaa na kukwaruzika, ni gogo au jiwe, na pengine ilibidi uzi ubadilishwe mapema. Lakini ikirudi imejikunja vizuri kama mkia wa nguruwe, hilo fundo halikukatika. Liliteleza, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka likafunguka lote. Mkunjo ule ni alama ya mizunguko iliyokuwepo.

Hapo kwenye boti huwa kunakuwa kimya. Mwongozaji anaushika ule mkia kati ya vidole viwili, anauangalia, anamuonyesha mgeni, hasemi kitu. Halafu anafungua kiboksi, anatoa nzi mwingine, na kuuweka uzi mdomoni.